Kwa nini mgeni afundishwe sheria za nchi kwa lugha ambayo bado haijui?

#1 Mwana wa Tanganyika

Wakuu, salaam.

Nawauliza hasa mliopitia kozi za lazima za wageni huko Ulaya, ila hata mlioko nyumbani karibuni.

Ujerumani nilipo, kozi ya kawaida ni vipindi 700 vya dakika 45. Vipindi 600 ni lugha tupu. Vile 100 vya mwisho ndivyo vyenye katiba, historia, haki na wajibu, na hivyo pia vinafundishwa kwa Kijerumani. Norway wamepindua: mkimbizi anapewa saa 75 za elimu ya jamii kwa lugha anayoielewa, huku Kinorwe akiendelea kujifunza upande wa pili.

Naona Norway wamepatia. Mgeni wa Ujerumani anaweza kukaa karibu mwaka mzima kabla hajaambiwa darasani kwamba kumchapa mtoto ni marufuku, kwamba mkataba wa simu haufi kwa kuacha kulipa, kwamba ile bahasha ya njano yenye amri ya kulipa kutoka mahakamani inampa wiki 2 tu za kupinga deni. Ameshasaini, ameshadaiwa, ameshaitwa kuulizwa habari za watoto wake, ndipo anafika kwenye somo la haki na wajibu. Sheria ilianza kumhesabia tangu siku aliyoshuka kwenye ndege.

Nielezeni, nchi yenye uwezo kiasi hiki inang'ang'ania utaratibu huu kwa nini?

#2 Mtu wa Kasulu

Nakaa mstari wa mbele. Mama mkwe wangu yuko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, jina lake limetoka kwenye safari ya Norway. Nataka kujua anaenda kukutana na nini.

#3 Mtoto wa Uvira

Jambo bandugu. Mimi niko Norway, tulitoka Nyarugusu na familia yote. Ile masomo ya Kiswahili nilisoma, na ni kweli ilisaidia. Walituambia mambo ya kodi, ya munganga wa hospitali, ya shule, na ile ya watoto: huku tangu mwaka 1987 sheria inakataza kumupiga mutoto, hata kofi. Baba moja mu darasa alisimama akauliza, sasa mutoto atanisikia namna gani? Mwalimu hakumucheka. Tulizungumuza juu ya hiyo swali mpaka saa ya kurudi nyumbani. Baba bale bote banatoka mu vita, watoto ndio kitu pekee chenye balibakia nacho, na mtu anawaambia habari ya kunyanganywa. Hiyo mazungumuzo kwa Kinorwe hakuna mutu angeiweza. Tungeitika ndiyo, ndiyo, na kwenda.

Lakini mwalimu alikuwa mutu wa Mombasa. Kiswahili yake nzuri sana, kama ya radio. Bamama ba Fizi, kule Kongo, habakukamata kitu. Nyumbani banasemaka Kibembe, Kiswahili kwao ni ya soko. Mu karatasi baliandikiwa "Swahili" na ikaisha.

#4 Mwalimu Kombo

Mleta uzi, nafundisha kozi hizo hizo, mji wa kaskazini mwa Ujerumani. Nikueleze nionavyo kutoka mbele ya ubao.

Kwanza ni mchanganyiko wa darasa. Watu ishirini, lugha saba au nane. Msiria, Mwafghani, Mkurdi, Muukreni, Mwitalia aliyefuata mume, Mkongo mmoja, Mkenya mmoja. Kijerumani ndicho kitu pekee wanachogawana, hata kama ni kibovu. Norway wanaweza kukusanya Waswahili kwa njia ya mtandao kutoka wilaya kumi. Huku wanafunzi ni wengi mno, na kila kituo kinajaza darasa lake chenyewe.

Pili ni historia. Kabla ya sheria ya uhamiaji iliyoanza Januari 2005 hakukuwa na kozi ya aina hii kwa kila mgeni. Waturuki na Waitalia walioitwa kuja kufanya kazi viwandani walihesabiwa watu wa kurudi kwao, basi nani ahangaike kuwafundisha? Wakabaki. Wajerumani walipokuja kujilaumu, lawama yote ikaangukia kwenye lugha: "tuliwaacha bila Kijerumani". Kozi ilijengwa juu ya lawama hiyo. Ndiyo maana elimu ya uraia ilianza na vipindi 30 tu, ikapanda 45, ikapanda 60, na kufika 100 mwaka 2016. Saa zimeongezwa kila mara. Lugha ya kufundishia haijaguswa.

#5 Shoka la Bodi

Mwalimu Kombo asante. Ila mtihani wa mwisho wa hiyo elimu ya uraia si ndio ule wa maswali 310 yaliyotangazwa yote? Mdogo wangu aliyakariri kwenye simu akiwa kwenye basi. Unahitaji 17 kupita, akapata 30 na kitu, na mpaka leo hawezi kukuambia Bundestag, bunge lao, inafanya kazi gani.

#6 Mwalimu Kombo

Rekebisho dogo. Unapewa maswali 33 kati ya hayo, 30 ya taifa na 3 ya jimbo unaloishi. Kumaliza kozi unahitaji 15. Hizo 17 ni za anayeomba uraia.

Kuhusu kukariri una haki kabisa. Nikiona mtu anatia alama kwenye jibu sahihi kabla hajamaliza kusoma swali, najua amekariri umbo la sentensi. Inaniuma, maana somo la Sheria ya Msingi ya 1949, yaani katiba yao, ni zuri. Kifungu cha kwanza kinasema utu wa mtu hauguswi. Nikiwa na wakati wa kulieleza kwa Kiswahili kwa yule Mkongo wangu baada ya kipindi, nauona uso wake ukibadilika. Mtu aliyepigwa na askari kwenye kila kizuizi cha barabara anakielewa kifungu kile kuliko profesa. Kwa Kijerumani cha miezi michache kinampita.

#7 Mwana wa Tanganyika

Mwalimu, hicho ulichoandika mwishoni ndicho ninachokipigania. Unamweleza baada ya kipindi, kwa hisani yako, bila malipo. Kwa nini kisiwe ndani ya kipindi?

#8 Bi Asha wa Pangani

Habarini. Mimi niko Uholanzi kwa njia ya ndoa. Naona mnazungumzia wakimbizi tu, sisi wenza mmetusahau.

Sisi tunapimwa hata kabla ya kusafiri. Tangu 2006 ukitaka kumfuata mume au mke Uholanzi unafanya mtihani wa awali ukiwa bado kwenu, kwenye kompyuta ya ubalozi: kuongea, kusoma, na maarifa ya jamii yao. Hayo maarifa unajifunza kwa picha 100 na filamu, lakini siku ya mtihani maswali ni kwa Kiholanzi. Nilisomea Dar, mezani kwa shangazi, umeme ukikatika naendelea na simu. Mwalimu wa Kiholanzi wa kumlipa alikuwa haonekani kwa urahisi, nikajifundisha kwa kusikiliza na kurudia.

Na ukifika unaanza upya inburgering yenyewe, yaani kozi na mitihani ya kujumuika, miaka 3, siku hizi kiwango cha B1, lugha ya ngazi ya kati. Mkimbizi sasa analipiwa na manispaa. Sisi wenza tunajilipia, au tunakopa serikalini.

Kwa hiyo mleta uzi, kwangu mimi suala la lugha ya kufundishia ni la pili. La kwanza ni nani analipa, na ukifeli nani anaadhibiwa.

#9 Chui wa Nairobi

Bi Asha pole kwa hiyo safari. Binamu yangu alifanya hapa Nairobi, vile vile. Swali langu: mbona Mmarekani hafanyi? Niliona kwenye orodha, Marekani, Kanada, Japani, Australia, wote wamesamehewa mtihani wa ubalozini. Kwani Mjapani anazaliwa akijua Kiholanzi?

#10 Sauti ya Bara

Chui umegusa penyewe. Hizi kozi ni chujio. Zimepewa jina la elimu ili zipite bungeni kwa urahisi. Uholanzi walianza na sheria ya 1998, wakati huo manispaa inakushika mkono. Wakaibadilisha 2007, wakaibadilisha tena 2013 wakakuachia mwenyewe: tafuta shule, kopa mpaka euro 10,000, faulu ndani ya miaka 3, la sivyo faini na deni ulipe. Kila mabadiliko yamefuata uchaguzi ambao kura zilitafutwa kwa kuwasema wageni. Mtu anayetaka ujifunze hakufungi deni la euro 10,000 shingoni.

#11 Bi Asha wa Pangani

Deni hilo lilikuwa balaa. Rafiki yangu wa Kirundi aliangukia kwenye shule moja, jina silitaji, ambayo ilikuwa inamwandikia saa za masomo ambazo hakukaa. Mkopo umekwisha, Kiholanzi hana. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha mapema kwamba shule ile si nzuri. Hata Mahakama ya Ukaguzi ya Uholanzi iliandika ripoti Januari 2017 kuukosoa mfumo ule wa 2013. Sheria mpya iliyoanza 1 Januari 2022 ndiyo ikawarudishia manispaa kazi.

#12 Hamisi wa Utrecht

Niongeze la mahakama, linawahusu wengi na halijulikani. Tarehe 4 Februari 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya kijana wa Eritrea aliyepewa hifadhi Uholanzi. Alichelewa kufaulu, akapigwa faini ya euro 500 na kutakiwa kurudisha mkopo wa euro 10,000. Mahakama ikasema nchi inaweza kumlazimisha mkimbizi kusoma na kufanya mtihani, lakini haiwezi kuwa kila anayefeli anatozwa faini. Faini ni kwa hali za kipekee, mfano ikithibitika kwamba mtu hataki kabisa kujifunza. Na gharama zote za kozi asibebeshwe yeye peke yake.

Kwa wenza kama Bi Asha hukumu ya kukumbuka ni ya Julai 2015, kesi ya wake wawili, mmoja wa Azerbaijan, mmoja wa Nigeria. Mahakama ilisema mtihani wa kabla ya safari unaruhusiwa, ila usiwe mgumu au wa gharama kiasi cha kuizuia familia kuungana, na hali ya mtu, kama afya au kutokujua kusoma, lazima iangaliwe.

Sauti ya Bara, chujio lipo, lakini usiseme hakuna elimu. Mke wangu alipita kwenye kozi ya manispaa baada ya 2022 na alikuwa na mwalimu ambaye alimfuata mpaka kwenye mahojiano ya kazi.

#13 Mkalimani

Nimesoma yote mpaka hapa. Natafsiri Sweden, Kiswahili na Kinyarwanda.

Mleta uzi hukuitaja Sweden, nayo iko upande wa Norway. Elimu ya jamii kwa wageni hapa inatolewa kwa lugha ya mtu au lugha anayoimudu, saa 60.

#14 Fundi Saa wa Malmö

Mkalimani, 60 ni za zamani. Sasa ni saa 100.

#15 Mkalimani

Shukrani, Fundi. Saa 100.

Nilitaka kusema hivi. Nimekaa ndani ya madarasa ya Kiswahili na nimeona watu wakikwama ndani ya Kiswahili chenyewe. Kinachowakwamisha ni kwamba hawakuwahi kwenda shule. Mama mmoja alikuwa anajibu kila kitu kwa mdomo: ushuru, uchaguzi, haki ya mwanamke kufungua akaunti yake. Akili nyepesi kabisa. Akipewa karatasi au kompyuta anabaki kuitazama. Ukimpa maandishi ya Kiswahili ni sawa na kumpa ya Kiswidi. Msiria mwenye shahada ya famasia anakaa naye meza moja na wiki ile ile anaomba kitabu cha ngazi ya pili.

Kwa hiyo mnagombana kuhusu lugha, mimi nasema tazameni kalamu. Norway tangu sheria yao ya 2021 wanapanga muda wa programu ya mgeni, ile yenye posho, kwa elimu uliyokuja nayo: mwenye sekondari anapewa mfupi, asiyesoma anaweza kufika miaka 4. Ujerumani wana kozi maalumu ya wasiojua kusoma, vipindi 900 vya lugha kabla ya vile 100. Hao walau wameliona tatizo.

#16 Mtoto wa Uvira

Mkalimani unasema kweli tupu. Mama yangu ni hivyo. Balimuweka mu kundi ya mwanzo kabisa, kushika kalamu, na mwalimu alikuwa na roho nzuri. Leo anasoma majina ya vituo vya basi yeye mwenyewe. Aliitisha sherehe.

#17 Dereva wa Usiku

Wazee wa Ulaya mnasoma mpaka mnazeeka, hongereni. Huku Marekani, mpaka Januari 2025, mkimbizi alikuwa anapewa siku chache za maelekezo kabla ya kupanda ndege (wa kwetu walikuwa wanafundishwa na RSC Africa, kituo cha kuwaandaa wakimbizi wa Afrika kwenda Marekani, kwa Kiswahili kabisa), anafika, shirika linamshughulikia siku 90, halafu kazi. Tiketi ya ndege yenyewe ilikuwa mkopo, hauna riba, lakini unaulipa, na malipo yanaanza kama miezi 6 baada ya kufika. Hakuna kozi ya lazima. Mtihani wa uraia unaukuta baada ya miaka 5.

Na watu wanakuwa watu. Mimi Kiingereza nilikipata kwenye kiwanda cha kuku, katikati ya Waburma na Waguatemala. Baada ya muda nikanunua gari, sasa naendesha lori. Nadharia yangu: kazi ndiyo kozi. Ukimfungia mtu mzima darasani miaka miwili kwa posho, unamfundisha kungoja posho.

#18 Mtoto wa Uvira

Dereva, kaka yangu, na mama yako anasema Kiingereza?

#19 Dereva wa Usiku

Hapana. Anakaa na wajukuu. Mimi ndiye namtafsiria.

#20 Mtoto wa Uvira

Sasa ukiwa barabarani na lori siku nne, nani anaenda naye kwa munganga? Ule mutoto wa darasa la tano? Mambo ya mwili wa bibi inapita mu kinywa ya mjukuu? Hiyo ndiyo ninakataa. Kazi ilikufundisha wewe sababu ulikuwa kijana. Mama yangu hakuna kiwanda ingemuchukua.

#21 Neema K

Da Uvira umeniwahi. Wanaume kwenye uzi huu wamepita sababu moja kubwa bila kuiona: watoto wadogo. Niko Ujerumani pia. Kozi inaanza asubuhi, nafasi ya chekechea ya mtoto inapatikana baada ya kungoja miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Mume anaanza kozi, mke anabaki. Mume akimaliza anapata kazi, mke bado. Miaka inapita, halafu anaandikwa kwenye ripoti kuwa ni mwanamke "asiyejumuika". Hajakataa kujumuika! Ziliwahi kuwepo kozi za wazazi zenye vipindi 900 vya lugha na wakati mwingine malezi ya mtoto hapo hapo, lakini mji wangu hazikuwepo.

Mwana wa Tanganyika, hata ungefundisha katiba kwa Kiswahili sanifu, mama huyo hayupo darasani kukusikia.

#22 Mwana wa Tanganyika

Dada Neema, la watoto nalikubali lote. Lakini tazama linavyonirudisha pale pale. Mama aliyekosa nafasi ya chekechea ndiye anayehitaji zaidi kujua kwamba mtoto wake ana haki ya nafasi hiyo kisheria akishatimiza mwaka mmoja, na kwamba akinyimwa anaweza kudai. Nani kamwambia hilo? Hakuna, kwa sababu somo la haki liko mwisho wa kozi ambayo hakuianza. Angeambiwa kwa Kiswahili wiki ya pili, angedai.

Kwa Dereva: ushindi wako ni wako na naufurahia. Ila Marekani mnalipa deni la tiketi kabla hamjajua kusoma mkataba wa nyumba. Hilo siliiti uhuru.

#23 Mzee wa Urambo

Vijana, mmeongea Ulaya na Marekani tu. Mimi niwaambie ya hapa kwetu.

Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji wakaletwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nilikuwa kijana, niliwaona wakifika hapa Tabora. Hakuna aliyewapa kozi. Walipewa mashamba na majembe, pori likafyekwa, wakalima mahindi, maharage, tumbaku. Katikati ya miaka ya 80 walikuwa wanajilisha, mashirika yakaondoka. Watoto wakasoma shule zetu, kwa Kiswahili, wakacheza mpira na wa kwetu, wakaoana na wa kwetu. Serikali ikawapa uraia watu takriban 162,000. Nionyesheni nchi ya Ulaya iliyofanya hivyo kwa mara moja.

Ardhi na shule. Mengine ni maneno.

#24 Chui wa Nairobi

Mzee shikamoo. Heshima kwa Tanzania kwa hilo, ni kubwa na Kenya bado hatujafika huko. Lakini tuseme yote. Walifika 1972, uamuzi wa uraia ni 2010, vyeti vyenyewe vikaanza kutolewa tena Oktoba 2014 baada ya kusimama. Hapo katikati waliambiwa lazima wahame makazi yale watawanyike mikoani ndio wapewe, mpaka sharti hilo likaondolewa. Mtu alizaliwa, akazaa, akapata wajukuu, bado anaitwa mkimbizi.

#25 Mzee wa Urambo

Marahaba mwanangu. La kuchelewa ni kweli. Lakini aliyekuwa anangoja alikuwa analima shamba lake. Haya ya kungoja ndani ya uzio ni mengine.

#26 Mtu wa Kasulu

Mzee, huo uzio ndio tulio nao sasa. Waliokuja miaka ya 90 hawakupewa kama wa 1972. Nyarugusu imeanza 1996 na mtu hatoki bila kibali. Mama mkwe amekaa humo karibu nusu ya maisha yake, jirani na Kasulu mjini, na hawezi kuuza hata nyanya zake sokoni. Watu wanapofika Ulaya wakionekana wazito, nadhani ni hii. Mtu aliyezoeshwa miaka yote hiyo kwamba kila hatua ni ruhusa ya mwingine, unampaje saa 75 halafu umwambie sasa simama mwenyewe?

#27 Sauti ya Bara

Mtu wa Kasulu, hili lako ni zito kuliko langu la siasa. Sikuwa nimelifikiria.

#28 Dereva wa Usiku

Ni kweli kabisa. Niliona kwa baba yangu. Alikuwa anaomba ruhusa ya kufungua dirisha kwenye nyumba tunayoilipia kodi sisi wenyewe.

#29 Chui wa Nairobi

Kenya tumezindua mpango wa serikali uitwao Shirika Machi 2025, kambi za Kakuma na Dadaab zigeuke miji, mkimbizi na mwenyeji watumie shule na hospitali zilezile. Sheria ya 2021 ndiyo iliyofungua mlango. Mimi naomba wasisahau Waturkana. Mkimbizi akipewa mafunzo na mtaji, na mwenyeji wa Turkana anamwangalia kupitia seng'enge akiwa na njaa, hiyo si kuishi pamoja. Kozi ya kukaribishana ingekuwa ya pande zote mbili.

#30 Shoka la Bodi

Hapo umesema. Kule Ulaya mwenyeji anafundishwa saa ngapi jinsi ya kukaa na mgeni?

#31 Mwalimu Kombo

Saa sifuri, kwa ninavyojua huku kwetu. Flanders huko Ubelgiji walau wamejaribu kitu: saa 40 za kukutana na watu, mgeni anaunganishwa na mwenyeji, chama au kazi ya kujitolea. Ila hao hao tangu Septemba 2023 wanatoza euro 360 kwa kozi na mitihani.

#32 Dada wa Liège

Ndiyo maana Wakongo wengi tuko Wallonia, upande wa Kifaransa wa Ubelgiji, kaka. Kifaransa tulikuja nacho na huku kozi ni ya bure. Lakini msidhani tumepona. Jirani yangu anaongea Kifaransa kuliko Wabelgiji wenyewe, ana shahada ya Kinshasa, ana cheti cha kozi, na anafagia ofisi usiku. Wanaosema tatizo ni lugha waje wanieleze lake.

#33 Hamisi wa Utrecht

Hilo ni vyeti kutotambuliwa na ubaguzi wa rangi, si kozi. Linahitaji uzi wake.

#34 Dada wa Liège

Si uzi wake, ni huu huu. Kozi inamwambia "jumuika", mwajiri anamfungia mlango. Huwezi kuvitenganisha.

#35 Sauti ya Bara

Naungana na dada. Na mkumbuke hata huko Marekani kwa Dereva mtihani wa uraia umekazwa: ulikuwa maswali 100 ya kusoma, unaulizwa 10, unapata 6. Kwa walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 ni maswali 128, unaulizwa 20, upate 12. Historia ya Marekani haikuongezeka kiasi hicho.

#36 Dereva wa Usiku

Mimi nilipita kwenye ile ya zamani. Mdogo wangu ndiye anasomea hii mpya, namuuliza maswali tukiwa tunakula. Na wale wa kwetu waliokuwa wamebakiza tiketi tu, Januari 2025 Marekani ilipowafungia wakimbizi milango wengi walirudi kambini na mabegi yao. Wengine walishauza godoro na vyombo. Hao hata kozi mbaya wangeishukuru.

#37 Mtu wa Kasulu

Tunawajua, wako hapa.

Wakuu, nirudi kwa mama mkwe. Amepita miaka 60, shule hakwenda. Atawekwa kwenye hiyo programu ya posho au atakaa tu nyumbani?

#38 Mtoto wa Uvira

Ile programu yenye posho ni ya batu ba umri wa kazi. Lakini masomo ya Kinorwe na ya jamii inafika mpaka miaka 67, asikubali kuambiwa amezeeka. Nyumbani anasema luga gani?

#39 Mtu wa Kasulu

Kifuliiru. Kiswahili anasikia, kuongea kwa shida.

#40 Mkalimani

Basi kwenye mahojiano aseme Kifuliiru, na ahakikishe kimeandikwa. Ikiandikwa Kiswahili peke yake, kila barua, kila simu ya hospitali na kila darasa litafuata hicho, na kukibadilisha baadaye ni kazi. Mwalimu wa Kifuliiru wanaweza wasiwe naye, lakini mkalimani wa simu hutafutwa nchi nzima. Mwambie aombe pia kupimwa macho mapema. Nimeona wazee wengi wakihesabiwa hawajui kusoma herufi kumbe hawazioni.

#41 Mtu wa Kasulu

Nimeandika yote. Kesho ni siku ya kuingia kambini kumsalimu, nitamsomea.

#42 Mwana wa Tanganyika

Mfikishie salamu. Na Mwalimu Kombo, swali langu la #7 bado hujanijibu.

#43 Mwalimu Kombo

Nalifikiria. Nina kikao na wenzangu wa kituo wiki ijayo, nitawapelekea wazo la vipindi viwili vya mwanzo vyenye wakalimani, sheria za watoto na mikataba tu. Fedha za wakalimani sijui zitatoka fungu gani. Mwenye kituo kilichowahi kujaribu, hata nje ya Ujerumani, aniandikie hapa alifanyaje.